Gari Linalozima Likipata Moto

Asubuhi linawaka vizuri. Linatoka Mbezi, linapita Kibaha na Mlandizi bila tatizo, halafu jua likishapanda na injini ikishapata moto, taa ya cheki injini inawaka, gari linakosa nguvu, linazima. Dereva anapiga starta, injini inazunguka lakini haishiki. Anafungua boneti, anatafuta kivuli, anampigia fundi simu. Baada ya nusu saa hivi anajaribu tena, na gari linawaka kana kwamba halijawahi kuzima. Likifika gereji limeshapoa, na fundi hana cha kuona.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Tabata, Dar es Salaam. Malalamiko ya namna hii huongezeka kuanzia Desemba, joto linapokuwa kali. Yana sababu nyingi. Pampu ya mafuta iliyochoka inaweza kuzima gari hivyohivyo, koili ya plagi inaweza, rilei nayo inaweza. Lakini kuna kifaa kimoja cha sentimita chache tu, kimechomekwa kwenye kichwa cha injini na kushikwa kwa bolti moja, ambacho watu ama hawakikumbuki kabisa, ama wanakinunua kipya bila kukipima. Kifaa hicho ni sensa ya kamshafti. Yote mawili yananiuma, maana hela inayopotea ni ada ya mtoto au mtaji wa biashara, wakati sensa hii inapimika kwa mita ya kawaida ambayo kila fundi umeme anayo.

Kwanza tuelewe kazi yake. Injini ya petroli inafanya kazi kwa hatua nne: inavuta hewa na mafuta, inakandamiza, inachoma, inatoa moshi. Ili silinda moja imalize hatua zote nne, krankshafti, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, lazima izunguke mara 2. Kamshafti, mhimili wa juu unaofungua na kufunga valvu, inazunguka mara 1 tu kwa muda huohuo. Maana yake pistoni inafika juu kabisa mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imekandamiza na inangoja cheche, mara ya pili ikiwa inasukuma moshi nje. Sensa ya krankshafti inajua pistoni iko juu, lakini haijui ni juu ipi kati ya hizo mbili. Ni sawa na saa ya ukutani: mshale unakuonyesha saa 1, haukuambii ni ya asubuhi au ya usiku. Kamshafti ndiyo inayojua kama kumekucha au kumekuchwa. Sensa yake inaipelekea habari hiyo kompyuta ya injini, ambayo sisi mafundi tunaiita kontroboksi, nayo inapanga noze ipi imwage mafuta na koili ipi ipige cheche.

Kwenye injini zenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu, kama VVT-i ya Toyota, sensa hii ina kazi ya ziada: inaieleza kontroboksi kamshafti imesogezwa kiasi gani. Ndiyo maana ikileta matatizo gari linaweza kuwa zito mlimani na kula mafuta, hata kama halizimi.

Chukua injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ile iliyomo kwenye IST ya NCP61 na kwenye Probox nyingi tunazoziona kila siku. Kwenye krankshafti yake kuna sahani ya chuma yenye nafasi za meno 36. Mawili yameachwa makusudi, yamebaki 34, na pengo hilo ndilo alama ya kuanzia kuhesabu. Kwenye kamshafti meno ni 3 tu. Gari likiwa sailensi, tuseme injini inazunguka mara 800 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 400, na sensa inaona meno 20 kila sekunde. Ndani yake mna sumaku, kipande cha chuma, na waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa mara nyingi kuzunguka chuma hicho. Jino likipita mbele ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Sensa ya aina hii haihitaji umeme wa betri, na inatoka na nyaya 2.

Aina nyingine ina nyaya 3, na iko kwenye magari mengi ya Ulaya na ya Kijapani ya miaka ya karibuni. Hiyo inafanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall huko Marekani mwaka 1879, kwamba sumaku inaweza kuusukuma pembeni umeme unaopita ndani ya kipande cha chuma. Waya mmoja unaleta umeme, volti 5 au 12 kutegemea gari, wa pili ni ethi, wa tatu unapeleka ishara. Ukifungua boneti, hesabu nyaya kwanza, kwa sababu vipimo vya aina hizi mbili havifanani hata kidogo.

Mwaka fulani aliletwa kwangu na jirani yake mwalimu mmoja wa sekondari mwenye IST. Gari lilikuwa likimzimia kila anapoelekea Morogoro, mara nyingi kabla ya Chalinze. Alikuwa ameshabadilishiwa pampu ya mafuta kwenye gereji nyingine, kisha plagi, kisha betri. Aliongea taratibu, lakini uso ulionyesha amechoka.

"Dada fundi," akaniambia, "kila ninakokwenda naambiwa ninunue. Mimi leo sitaki kununua. Nataka nijue."

"Mwalimu, kaa hapo kwenye benchi," nikamjibu. "Leo hununui kitu mpaka uone kwa macho yako."

Kazi inaanza kwa kusoma kontroboksi imeandika nini. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi yenye nafasi 16 za pini. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yote mapya madogo tangu mwaka 1996, na watengenezaji wa nchi nyingine wakafuata. Siku hizi unaweza kununua kidude cha ELM327, ukakichomeka hapo na kusoma kwa simu. Tatizo ni kwamba magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi hiyohiyo lakini hayaongei na vidude hivyo rahisi. Kwa Toyota za aina hiyo fundi mzoefu anaunganisha tundu namba 13 na namba 4 kwa waya mfupi, na taa ya cheki injini inaanza kukonyeza namba ya kosa. Kama hujazoea usijaribu, maana tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Na jambo moja kubwa: soma kabla hujachomoa betri. Wengi wanaanza kwa kuchomoa betri "ili gari lijipange", na ushahidi wote unafutika.

Kwenye IST ile mashine ilionyesha P0340. Huo ndio msimbo unaokuja mara nyingi zaidi kwa kifaa hiki, na hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa hela. Mashine inaandika jina la sensa ya kamshafti, fundi anasoma jina, mteja anatumwa Kariakoo. Lakini P0340 inasema tu kwamba kontroboksi haipati ishara inayoitarajia kutoka kwenye saketi ile. Saketi ni sensa, ni soketi yake, ni nyaya zote hadi kontroboksi, na ni mlango wenyewe ndani ya kontroboksi. Kimojawapo kimekosa. Ndugu zake, P0341 hadi P0344, wanaeleza namna ishara ilivyokosea: haieleweki, iko chini mno, iko juu mno, au inakuja na kukatika. P0335 ni ya krankshafti, usizichanganye.

Nikachomoa soketi. Ndani kulikuwa na oili, si nyingi, lakini pini zilikuwa zimelowa. Gasketi ya kava la valvu ilikuwa imechoka na oili ilikuwa ikitambaa polepole kuteremka hadi hapo. Nikasafisha kwa spirei ya umeme, nikakausha, nikapima. Kwa sensa ya nyaya 2 unaweka mita kwenye ohm na kugusa pini zote mbili. Injini ikiwa baridi, sensa nyingi za aina hii zinasoma kuanzia mamia kadhaa hadi elfu mbili na ushee, na kitabu cha injini husika ndicho kinachotoa kiwango kamili. Ya mwalimu ilisoma 2,050 hivi. Nzuri kabisa. Fundi mwenye haraka angeishia hapo, angesema sensa ni nzima, na safari ya kununua vifaa vingine ingeendelea.

Gari lile halikuwa likizima likiwa baridi. Ugonjwa ulikuwa ukija na joto, kwa hiyo kipimo nacho lazima kiwe na joto. Nikaifungua sensa, nikaiunganisha na mita kwa klipu, nikamtuma kijana wangu saluni ya jirani akaazime draya. Nikampa mwalimu mita aishike mwenyewe. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka nyuzi 30 za kivuli cha gereji hadi nyuzi 90 za injini, sensa nzima itapanda karibu robo, taratibu, bila kuruka. Draya ikaanza kupuliza. 2,100. 2,200. Ikakaribia 2,300. Kisha namba zikapotea zote na mita ikaandika OL, yaani njia imekatika. Tukazima draya, tukasubiri. Baada ya muda namba zikarudi zenyewe.

Mwalimu akaangalia mita, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo ndani waya umekatika, lakini ukipoa unagusana?"

Ndivyo. Plastiki na shaba havitanuki sawa. Miaka mingi ya kupata moto na kupoa inaufanya ule waya mwembamba uchoke, mpaka ufa unatokea. Gari likiwa baridi ncha mbili za ufa zinagusana, likipata moto zinaachana. Kule njiani alipokuwa akikaa kusubiri, kilichokuwa kikipoa ni hicho.

Si kila injini inazima namna hiyo. Nyingine zikiikosa ishara ya kamshafti wakati zinazunguka zinaendelea kwa hesabu zilizo nazo, na ukizima ndipo zinakuwa ngumu kuwaka: unapiga starta ndefu kontroboksi ikibahatisha mzunguko upi ni wa cheche. Gari linalowaka kwa shida kila baada ya kusimama sheli kujaza mafuta, injini ikiwa ya moto, nalo lipimwe kwa joto.

Sasa mfano wa upande wa pili, maana huu ndio unaofundisha zaidi. Kuna mzee mmoja wa Buguruni anabeba mboga kwa Probox. Alikuja na P0340 ileile, na mkononi alikuwa na mfuko wenye sensa za zamani zilizokwisha kubadilishwa. Nilizipima zote, baridi na moto. Hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Sensa iliyokuwa kwenye gari nayo ilikuwa nzima. Kwa hiyo nikachomoa betri, nikachomoa na soketi ya kontroboksi, nikapima kila waya kutoka mwisho hadi mwisho. Waya mzima unasoma chini ya ohm 1, na ukipima kati yake na bodi ya gari usipate njia yoyote. Zote zilisoma vizuri mpaka nilipomwambia kijana autikise mkono wa nyaya nyuma ya injini huku mimi nikiangalia mita. Hapo waya mmoja ukagusa bodi.

Kibanio cha plastiki kilikuwa kimevunjika zamani, nyaya zikawa zinalala juu ya kipande cha chuma. Injini ya gari inayumba kidogo kila unapokanyaga mafuta, na kwa kuyumba huko gamba la waya lilikuwa limelika mpaka shaba ikaonekana. Mzee akiondoka kwenye mataa na mzigo, waya unagusa chuma, ishara inapotea. Tulilehemu, tukaweka mpira unaobana kwa joto, tukafunga kibanio kipya. Kuzungusha waya kwa mkono na kufunga tepu nyeusi hakutoshi mahali penye moto na oili. Na kwa sensa za sumaku kuna mambo mawili ya kuheshimu: usizibadilishe nafasi nyaya zake, kwa sababu ishara itageuka juu chini na kontroboksi itasoma wakati usio sahihi, na kama zimesokotwa au zimefunikwa kwa wavu wa kuzuia kelele za koili, zirudishe hivyohivyo. Panya nao wanapenda sehemu hii, hasa gari likilala nje, na wafungaji wa alamu wakati mwingine wanakata nyaya wasizozijua.

Kwa sensa ya nyaya 3 usipime ohm, haitakuambia kitu. Chomoa soketi, washa swichi bila kupiga starta, pima kwenye soketi ya upande wa gari: waya wa umeme uwe na volti zake, waya wa ethi ukilinganishwa na ncha hasi ya betri usizidi volti 0.1, na waya wa ishara kwa magari mengi utaonyesha volti 5 zinazotoka kwenye kontroboksi. Ukisharudisha soketi, penyeza pini nyembamba nyuma yake, zungusha injini polepole kwa spana kwenye bolti ya krankshafti, na uangalie volti zikiruka kutoka karibu 0 hadi karibu 5 na kurudi. Zisiporuka, na umeme na ethi vipo, hapo sensa inashukiwa kwa haki. Nawasihi mafundi wenzangu mtumie mita na si ile taa ya balbu ya kupimia. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko saketi hizi zinavyoweza kubeba, na kontroboksi ikiungua bei yake haikaribiani kabisa na ya sensa.

Kwenye kununua, nenda dukani na sensa ya zamani mkononi, na namba ya chesesi ya gari. Linganisha namba iliyochapwa kwenye kifaa, urefu wa pua, mwelekeo wa soketi. Wengine wanarudi na valvu ya oili ya VVT, kwa sababu nayo ina nyaya 2, iko karibu na kamshafti, na muuzaji amesikia neno "kamshafti" tu. Beba mita yako. Sensa ya nyaya 2, iwe mpya au ya kutoka kwenye gari lililokatwa Japani, inapimika hapohapo kaunta kabla hujalipa, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Mimi kati ya feki mpya na orijino iliyotumika yenye kipimo kizuri, nachagua iliyotumika bila kusita.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo. Injini ipoe. Chomoa ncha hasi ya betri. Kwenye 1NZ sensa iko kwenye kichwa cha injini, mwisho wa upande wa gia boksi, mbali na cheni. Futa mchanga na vumbi kuizunguka kabla hujaitoa, kwa sababu tundu lake linaingia ndani ya injini na kinachodondoka humo kitakutana na kamshafti. Bonyeza kikucha cha soketi, uvute soketi na si nyaya. Fungua bolti kwa spana namba 10. Kama sensa imeng'ang'ania, izungushe kushoto na kulia kwa vidole ukiivuta. Ukiibandua kwa bisibisi inakatika, pua inabaki ndani, na kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima. Hakikisha ule mpira wa duara wa kuzuia oili umetoka pamoja nayo. Angalia pua: sumaku hukusanya unga wa chuma, na unga mwingi ni habari mbaya kuhusu injini yenyewe.

Mpya ipake oili safi kwenye mpira wake, isukume kwa mkono mpaka ikae yote, ndipo ufunge bolti. Kichwa cha injini ni alumini, na nguvu inayotakiwa ni ndogo, karibu nyutoni mita 8, yaani nguvu ya kifundo cha mkono tu kwa spana fupi. Nimetengeneza nyuzi za bolti zilizokatwa na vijana wenye nguvu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kwa mwalimu tulibadilisha na gasketi ya kava la valvu siku hiyohiyo, kwani sensa mpya chini ya oili inayovuja ingerudi kuleta shida.

Kisha futa msimbo na uliendeshe gari mpaka lipate moto kweli. Kuzunguka gereji hakutoshi. Mimi natoka nalo Barabara ya Mandela saa ya foleni, nalizima likiwa la moto, naliwasha tena, nalisikiliza sailensi, ndipo narudi kusoma upya. Msimbo uleule ukirudi, tafuta kwenye nyaya. Ukija P0016, unaosema krankshafti na kamshafti hazikubaliani, pima kiwango cha oili ya injini na uangalie usafi wake, kwa sababu mfumo wa VVT unaendeshwa kwa oili hiyo. Oili ikiwa sawa na valvu yake haijakwama, cheni imelegea au ilifungwa ikiwa imeruka jino. Hapo sensa iache ilipo. Gari liende kwa fundi injini afungue kava la cheni.